Otto Warburg

Otto Heinrich Warburg (Freiburg, 8 Oktoba 1883 – Berlin, 1 Agosti 1970) alikuwa mwanabiokemia na daktari kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuchunguza jinsi seli zinavyotumia oksijeni. Mwaka wa 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kimeng'enya kimoja kilichogunduliwa katika maabara yake, ambacho leo huitwa G6PD, kina umuhimu wa pekee kwa wakazi wa maeneo yenye historia ndefu ya malaria, kwa mfano Wesha katika kisiwa cha Pemba.

Maisha ya awali

Baba yake, Emil Warburg, alikuwa profesa wa fizikia mwenye asili ya Kiyahudi. Mama yake alitoka katika familia ya Kiprotestanti. Otto alisoma kemia mjini Berlin chini ya Emil Fischer akapata udaktari mwaka wa 1906. Baadaye alisoma tiba huko Heidelberg akahitimu mwaka wa 1911.

Akiwa bado mwanafunzi wa tiba alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa bahari huko Napoli, Italia. Hapo alichunguza mayai ya wanyama wadogo wa baharini wenye mwili wa duara uliojaa miiba. Mwaka wa 1908 alionyesha kwamba yai likisharutubishwa, matumizi yake ya oksijeni huweza kuongezeka hadi mara sita. Tangu hapo alitaka kujua ni kitu gani kinachoongoza upumuaji wa seli.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa askari wa farasi na alijeruhiwa. Mwaka wa 1918 Albert Einstein alimwandikia barua akimsihi aache vita na kurudi kwenye sayansi.

Utafiti wa upumuaji

Seli hupata nishati kwa njia ya redoksi, yaani mmenyuko wa kikemia ambamo dutu moja hutoa elektroni na nyingine huzipokea. Dutu inayotoa elektroni huoksidishwa. Chakula hutoa elektroni, na mwishoni oksijeni huzipokea. Kama haya yote yangetokea kwa mkupuo mmoja, seli ingeungua. Kwa hiyo elektroni hupitishwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake.

Warburg aligundua kwamba hatua ya mwisho inategemea madini ya chuma. Alitumia monoksidi ya kaboni kuzuia upumuaji wa hamira, kisha akaona kwamba ukimulikwa mwanga, upumuaji unaanza tena. Kwa kupima ni mwanga wa rangi gani uliofaa zaidi, alitambua kwamba kimeng'enya hicho kina chuma kilichofungwa kwa namna inayofanana na ile ya himoglobini katika damu. Kazi hii ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel.

Katika miaka ya 1930, pamoja na msaidizi wake Walter Christian, alichunguza seli nyekundu za damu. Walipata kimeng'enya kinachooksidisha glukosi iliyounganishwa na fosfati, pamoja na mbebaji wa elektroni anayeitwa leo NADP. Mbebaji huyo akishapokea elektroni huitwa NADPH, na hufyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 340. Maabara za hospitali hutumia sifa hiyo hadi leo kupima vimeng'enya.

Saratani na utawala wa Nazi

Katika miaka ya 1920 Warburg alionyesha kwamba seli nyingi za saratani hugeuza glukosi kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapopatikana. Jambo hilo huitwa "athari ya Warburg". Yeye alishikilia hadi kufa kwamba upumuaji ulioharibika ndio chanzo cha saratani. Wataalamu wengi leo hawakubali maelezo hayo, kwa sababu mabadiliko ya jeni yameonekana kuwa na nafasi kubwa zaidi.

Chini ya utawala wa Nazi aliendelea na kazi ingawa baba yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka wa 1941 aliondolewa katika nafasi yake, lakini baada ya muda mfupi akarudishwa. Uamuzi wake wa kubaki Ujerumani ulilaumiwa na baadhi ya wanasayansi wa nchi nyingine. Hakuoa wala hakuwa na watoto.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina mitokondria, hivyo hutegemea G6PD ili kupata NADPH inayoilinda dhidi ya vioksidishaji. Kiasi cha NADPH chenyewe hurekebisha kasi ya kazi: ikitumika sana, kimeng'enya huongeza mwendo, ikijaa, hupunguza.

Watu wengine huzaliwa na upungufu wa G6PD. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaume huathiriwa zaidi. Mwaka wa 1960 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliandika kuhusu upungufu huo kwa watu wa Afrika Mashariki. Umeenea palipokuwa na malaria kwa sababu huonekana kutoa kinga kiasi dhidi ya ugonjwa huo.

Wengi wenye upungufu huo huishi bila dalili. Hatari huja pamoja na dawa fulani. Mwaka wa 1956 watafiti wa Marekani walieleza kwamba primakwini hupasua seli nyekundu za watu hao. Mwaka wa 2008 dawa ya malaria yenye klorproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni baada ya majaribio barani Afrika kuonyesha madhara ya aina hiyohiyo. Dalili zake ni mkojo mweusi, macho ya manjano na uchovu mkubwa.

Malaria imepungua sana Unguja na Pemba tangu miaka ya 2000, lakini jeni haipungui kwa kasi hiyo. Primakwini huua vimelea vinavyobebwa na mbu kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu mwingine, kwa hiyo inafaa panapokusudiwa kumaliza ugonjwa. Mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani lilishusha dozi yake ya mara moja kutoka miligramu 0.75 hadi 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili iweze kutolewa bila kupima G6PD kwanza. Kwa dozi kubwa au ya siku nyingi, kipimo bado kinahitajika.