Maisha ya Bwana Hermann Muller

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa mfalme wala jemadari. Alifanya kazi yake kubwa ndani ya chupa za maziwa, na watumishi wake walikuwa nzi. Hata hivyo, maua mengi yanayouzwa leo katika miji ya Ulaya yana rangi zake kwa sababu ya kazi aliyoianza mtu huyu, na hata chakula chetu sisi wa Afrika ya Mashariki kimekwisha guswa nayo.

Hermann Joseph Muller alizaliwa tarehe 21 Desemba 1890 katika mji wa New York, Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya mapambo ya shaba, madini yale yale yaliyoleta reli mpaka Kasese mwaka 1956. Mzee huyo alipenda kumpeleka mwanawe kwenye nyumba ya makumbusho kutazama mifupa ya wanyama wa kale, akimweleza jinsi viumbe walivyobadilika polepole kwa muda wa miaka mingi. Lakini alifariki mwaka 1900, mtoto akiwa na miaka tisa tu. Mama akabaki na mali kidogo, na kijana akasoma kwa taabu. Alipokuwa shule ya sekondari, yeye na wenzake walianzisha chama cha sayansi. Mwaka 1907 akapata msaada wa masomo akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, na ili apate fedha za kujilisha alifanya kazi ndogondogo katika benki na katika hoteli.

Huko Columbia alikuwako mwalimu mashuhuri, Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa akifuga nzi wa matunda. Nzi hawa ni wale wadogo sana, wenye macho mekundu, wanaozunguka ndizi zilizoiva mno katika soko la Bwera. Mtu wa kawaida huwapunga kwa mkono akaenda zake, lakini mtaalamu anawapenda, maana yai la nzi huyu huwa nzi kamili kwa siku kumi au kumi na mbili tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuona wajukuu na vitukuu vyake katika muda wa likizo moja ya shule. Morgan na wanafunzi wake walionyesha kwamba urithi wa viumbe, yaani jeni, umepangwa juu ya nyuzi ndogo zilizomo ndani ya chembe za mwili, ziitwazo kromosomu. Mara chache sana jeni moja hubadilika yenyewe, na mtoto akazaliwa na kitu kisichokuwa kwa wazazi wake, kama vile macho meupe.

Muller alichoshwa na kungoja. Aliona kwamba mtaalamu anayekaa akingojea badiliko limtokee ni kama mvuvi asiye na wavu. Alihamia Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1920, na mwishoni mwa mwaka 1926 akachukua nzi madume akawapiga kwa mionzi ya eksirei, ile iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Kisha akawapandisha kwa majike wasioguswa na mionzi, akahesabu watoto, maelfu kwa maelfu, usiku kucha. Mabadiliko yalitokea kwa wingi uliopita ule wa kawaida mara 150 hivi. Mwaka 1927 alitangaza habari hizi katika gazeti la wataalamu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo akazieleza mbele ya mkutano mkuu wa Berlin. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameugusa urithi kwa makusudi.

Wakati ule ule Mmarekani mwingine, Lewis Stadler wa Missouri, alikuwa akijaribu mionzi juu ya shayiri na mahindi, naye akapata mabadiliko vilevile. Stadler mwenyewe alitilia shaka kama wakulima watapata faida, maana mimea mingi iliyopigwa ilikuwa dhaifu au ilikufa. Lakini watu wa maua walikuwa wamekwisha anza. Huko Uholanzi Bwana de Mol alipiga mionzi vitunguu vya ua liitwalo tulipu, na mwaka 1949 tulipu moja, Faraday, ikaingia sokoni.

Kwa nini maua yalifaulu upesi? Ua kama krisanthemu halipandwi kwa mbegu, bali kwa kipande cha tawi. Tuseme mama yake ni wa rangi ya waridi. Vipande vyake hupigwa mionzi kiasi, vingine hufa, na katika vile vilivyopona huenda tawi moja likatoa ua la manjano au jeupe. Mtunza bustani hulikata tawi hilo akalipanda, akakata tena na kupanda tena, mpaka mmea wote uwe wa rangi ile mpya. Tangu siku hiyo rangi hudumu. Tena ua likiwa na sura ngeni, watu hulinunua kwa sababu ya ugeni wake. Mmea wa chakula ukibadilika rangi tu, haumsaidii mtu. Ndiyo sababu maua ya mionzi yamefika mamia ya aina, nasi Uganda tuna mashamba pande za Entebbe yanayopeleka Ulaya vipandikizi vya krisanthemu.

Siku hizi wataalamu wengi hutumia mionzi ya gama itokayo katika kobalti. Jina hili si geni Kasese. Mawe ya shaba ya Kilembe yalikuwa na kobalti ndani yake, na masalio yake yalirundikwa Kasese kwa miaka mingi. Maji machungu yaliyotiririka kutoka katika rundo lile yaliua majani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na kuanzia mwaka 1999 hata 2013 kiwanda kililichimbua rundo hilo na kutoa kobalti kwa msaada wa bakteria. Kobalti ya ardhini haitoi mionzi, na wadogo zangu wasiogope mawe ya mlimani. Hupata mionzi pale tu inapotiwa ndani ya tanuri la atomiki. Lakini fundisho liko wazi: kitu kimoja kinaweza kuua majani upande huu na kuzaa ua jipya upande ule.

Muller alilijua fundisho hili kuliko wote, maana maisha yake hayakuwa mepesi. Katika Texas alisumbuliwa kwa ajili ya siasa zake, na mwaka 1932 alifika hata kukata tamaa ya kuishi. Akaenda Berlin, akaona Hitler akishika utawala. Mwaka 1933 akaenda Urusi kwa mwaliko wa mtaalamu mkubwa wa mbegu, Nikolai Vavilov, akitumaini kwamba nchi ya wafanya kazi itaheshimu elimu. Huko akamkuta Lysenko, aliyekanusha elimu ya jeni na kupendwa na Stalin. Mwezi wa Desemba 1936 Muller alisimama hadharani akampinga. Baadhi ya wenzake walikamatwa wakauawa. Yeye aliondoka mwaka 1937, akapitia Hispania penye vita, akafika Edinburgh. Vavilov alibaki, akafa gerezani mwaka 1943. Mimi nikisoma habari hizi hufikiri kwamba kusema kweli juu ya nzi kunaweza kumgharimu mtu sawasawa na kusema kweli juu ya mfalme.

Alirudi Marekani mwaka 1940, na tangu 1945 akafundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Mwezi wa Agosti mwaka huo mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Mwaka uliofuata, 1946, Muller alipewa Tuzo ya Nobel. Mtu mwingine angekaa kitako akafurahia sifa. Yeye aliitumia heshima ile kuwaonya madaktari wasipige eksirei ovyo bila kinga, na kuzionya serikali juu ya majaribio ya mabomu, maana badiliko lile lile linalopamba ua laweza kumdhuru mtoto ambaye hajazaliwa. Mwaka 1955 alitia sahihi tangazo la Russell na Einstein la kupinga vita vya atomiki. Alifariki tarehe 5 Aprili 1967, mwaka ule ule Uganda ilipojiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Jambo moja la Muller silikubali. Aliamini kwamba wanadamu nao wachaguliwe, mbegu za watu mashuhuri zihifadhiwe ili wazaliwe watoto bora. Lakini mwenye bustani hutupa mimea mia ili abaki na mmoja. Nani kati yetu angekubali kuwa mmoja wa wale mia? Mtoto wa fundi aliyekufa mapema, mwenye kazi za hoteli usiku, pengine naye asingechaguliwa.

Hata hivyo, kazi yake naipokea kwa mikono miwili, na nina sababu. Nyumbani kwetu karibu na Bwera tulikata migomba yetu mingi kwa ajili ya ugonjwa wa mnyauko, na mama akanunua sokoni ndizi alizozoea kuuza. Mgomba nao, kama krisanthemu, haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa chipukizi, na njia ya maua ni njia yake pia. Malaysia wamekwisha pata kwa mionzi ya gama aina moja ya ndizi, Novaria. Kutu mbaya ya ngano iligunduliwa hapa Uganda mwaka 1998 ikaitwa Ug99, na mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret, Kenya, kilitoa ngano ya mionzi inayoistahimili, Eldo Ngano 1. Dawa ya mnyauko kwa njia hii bado haijapatikana. Inahitaji watu wa kukaa na kuhesabu usiku kucha, kama Muller alivyowahesabu nzi wake. Nikijaliwa kufaulu mtihani wa mwisho nitaomba nafasi ya kusoma kilimo, nami ningependa wenzangu wawili watatu wa darasa letu waombe pamoja nami.