Walter Heape: Mwanasayansi aliyewapa sungura mama wa kuazima

NG'OMBE wa kienyeji anapozaa ndama wa Friesian asiye na nasaba naye hata kidogo, watu hustaajabu. Hata hivyo, maarifa hayo yana umri wa zaidi ya karne moja. Chimbuko lake ni nyumba moja huko Prestwich, karibu na Manchester, Uingereza, ambako Walter Heape alifanya jaribio lililofungua ukurasa mpya katika elimu ya uzazi wa wanyama.

Heape alizaliwa mwaka wa 1855. Alipokuwa angali kijana alifanya kazi katika maabara ya Francis Balfour, bingwa wa elimu ya viinitete katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Balfour alipofariki akikwea milima ya Alps mnamo 1882, Heape na mwenzake Adam Sedgwick ndio waliohariri toleo jipya la kitabu cha elimu hiyo ambacho marehemu alikuwa ameandika pamoja na Michael Foster.

Zama hizo, wafugaji wengi walishikilia imani iliyowatia hasara. Waliamini kwamba jike akipandwa mara moja na dume duni huwa ameharibika daima, na kwamba sifa za dume huyo zingejitokeza hata kwa watoto wa madume mengine. Aidha, hakuna aliyekuwa amethibitisha iwapo tumbo linalobeba mimba huongeza chochote katika sifa za mtoto. Heape aliamua kulitafutia swali hilo jibu.

Mnamo Aprili 27, 1890, akisaidiwa na daktari mpasuaji Samuel Buckley, alitoa viinitete viwili kutoka kwa sungura jike wa aina ya Angora, aliyekuwa amepandwa na dume la Angora saa 32 awali. Kila kiinitete kilikuwa kimegawanyika mara mbili na kuwa na seli nne. Aliviinua kwa ncha ya sindano na kuviingiza katika mrija wa mayai wa sungura wa aina ya Belgian Hare, ambaye naye alikuwa amepandwa na dume la aina yake saa tatu tu zilizotangulia.

Mama huyo alizaa watoto sita. Wanne walifanana naye na baba yao. Wawili waliosalia walikuwa Angora halisi: weupe, wenye manyoya marefu laini. Hata mazoea ya Angora ya kuyumbisha kichwa polepole huku na huko walikuwa nayo. Tumbo la kuazima lilikuwa limewapa makao na chakula, lakini halikuwa limegusa nasaba yao. Heape alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1891, na mwaka wa 1897 akatoa taarifa ya pili iliyoyaunga mkono.

Utafiti wake haukuishia kwa sungura. Alisafiri hadi India kuchunguza uzazi wa kima, na nchini mwake aliwahoji wenye makundi ya kondoo ili kujua chanzo cha utasa na cha mimba kuharibika. Mwaka wa 1900 aliyapa majina vipindi mbalimbali vya joto la wanyama, majina ambayo madaktari wa mifugo wanayatumia hadi leo. Mwaka wa 1905 alionyesha kwamba sungura jike huachilia mayai yapata saa kumi baada ya kupandwa. Mwaka uliofuata aliteuliwa mwanachama wa Royal Society, na akatoa kitabu kilichohimiza sayansi itumiwe katika uzalishaji wa mifugo.

Pamoja na ufanisi huo, kizuizi kimoja hakikumwondokea. Wakati wa jaribio lake hapakuwa na njia ya kulea kiinitete cha mamalia nje ya tumbo. Ilimlazimu kukihamisha upesi kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine. Heape alifariki mwaka wa 1929 kabla ya kizuizi hicho kuondolewa.

Waliomfuata walisonga mbele hatua kwa hatua. Ndama wa kwanza wa kuhamishwa alizaliwa Wisconsin, Marekani, Desemba 1950. Mapema katika miaka ya 1960, viinitete vya kondoo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini vikiwa vimehifadhiwa ndani ya mrija wa mayai wa sungura aliye hai. Sungura, mnyama yuleyule wa Heape, ndiye aliyekuwa chombo cha malezi.

Hatimaye, mwaka wa 1972, watafiti wa Cambridge walichanganya majimaji kwa kuiga yale yaliyomo katika mrija wa mayai wa kondoo, wakapunguza oksijeni hadi kiwango cha chini kuliko cha hewa ya kawaida, na viinitete vya kondoo na ng'ombe vikaendelea kukua maabarani. Mwaka wa 1981, ndama wa kwanza aliyetungishwa nje ya tumbo alizaliwa nchini Marekani.

Heape hakuyaona hayo yote, wala hakuacha utajiri uliotokana na jaribio lake. Alichoacha ni uhakika ambao wenye maabara hizo wote waliutegemea: kwamba kiinitete hubeba nasaba yake chenyewe, popote kitakapolelewa.