Jack O'Connor, mwalimu wa uandishi wa habari aliyewavuta wawindaji kwenye darubini

Kabla ya video za mtandaoni na watu wenye wafuasi mamilioni, mwindaji wa Marekani aliyetaka kununua bunduki au darubini ya kulengea alisubiri jarida la mwezi. Katika jarida la Outdoor Life, jina ambalo wengi walilitafuta kwanza lilikuwa la Jack O'Connor.

O'Connor alizaliwa tarehe 22 Januari 1902 huko Arizona, wakati eneo hilo lilikuwa bado halijawa jimbo. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, na babu yake mzaa mama akamfungulia njia ya uwindaji. Aliandika riwaya, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Arizona, ambako alikuwa profesa wa kwanza wa uandishi wa habari. Mwaka 1941 akawa mhariri wa mambo ya bunduki wa jarida hilo, kazi aliyoishikilia hadi 1972.

Alipoanza, wawindaji wengi hawakuziamini darubini. Zilikuwa ghali, vioo vyake vilishika ukungu kwenye baridi na mvua, na vishikizo vyake vililegea. Lakini kulenga bila darubini kulikuwa na shida yake: jicho lilipaswa kupanga alama ya nyuma, alama ya mbele na mnyama kwa wakati mmoja, na haliwezi kuona vyote vitatu waziwazi. Ndani ya darubini, msalaba wa kulengea na mnyama huonekana pamoja.

O'Connor aliitetea darubini, ila si kila darubini. Aliipenda ile ya kawaida inayokuza mara 4. Inayokuza zaidi hupunguza eneo linaloonekana na hufanya kila mtikisiko wa mkono uonekane mkubwa. Hoja hizo hakuzitolea mezani. Alizibeba milimani akifuata kondoo wa mwitu Mexico na Canada, na safari zake zilimfikisha hadi Tanganyika.

Sauti yake ilikuwa na nguvu. Risasi ya .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, hadi leo hutajwa pamoja na jina lake. Mpinzani wake, Elmer Keith, alisifu risasi kubwa na nzito. Wasomaji waligawanyika kama mashabiki wa V.Club na wa Mazembe, na kuna waliotetea au kuponda silaha ambazo hawajawahi kuzishika, kwa sababu tu mwandishi wao amesema.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake. Msomaji alitoa pesa yake kwa kuamini neno la mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Siku hizi neno hilo hutoka kwenye simu, na mtindo unaweza kubadilika kabla kifaa hakijanyeshewa mvua hata mara moja. Swali la mnunuzi ni lile lile: anayekisifu amekitumia wapi, na kwa muda gani?

O'Connor alifariki tarehe 20 Januari 1978 melini, akirudi kutoka Hawaii, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 76. Huko Lewiston, Idaho, mji alioishi tangu 1948, kuna jumba la makumbusho lenye jina lake.