Churchill, baiskeli na picha zisizo na tarehe

Msafiri aitokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akishaiacha Ruiru na Juja nyuma yake, hupita Witeithie kabla ya kuingia mjini Thika. Mnamo Novemba 1907, sehemu hizi zilipitiwa na Mwingereza kijana aliyekuwa naibu waziri wa makoloni. Alikuwa akielekea Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, na kisha Embu. Jina lake lilikuwa Winston Churchill, na katika msafara wake mlikuwamo kamera.

Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika kasri la Blenheim, nchini Uingereza. Alikuwa mwanajeshi, kisha mwandishi wa habari za vita, halafu mbunge. Desemba 1905 alipewa wadhifa katika Wizara ya Makoloni, na miaka miwili baadaye akaanza safari iliyomfikisha Mombasa mwishoni mwa Oktoba 1907. Alisafiri kwa reli ya Uganda, mara nyingine akiketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili aone wanyama na nchi.

Baada ya Thika na Embu alivuka Ziwa Viktoria hadi Entebbe. Mjini Kampala alikutana na Kabaka Daudi Chwa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Huko Uganda ndiko alikoipenda baiskeli. Njia nyembamba za porini, zilizolainishwa na nyayo za wenyeji kwa miaka mingi, zilimfaa mpanda baiskeli kuliko alivyotarajia. Alikadiria kwamba mtu angeweza kwenda maili saba kwa saa, na kwamba maili 25 hadi 30 kwa siku hazikuwa jambo la ajabu, ingawa mawe, mifereji na vilima vilimlazimisha kushuka mara kwa mara. Aliona pia kwamba maofisa wengi wa Kiingereza walikwisha kuwa na baiskeli, na machifu nao walianza kuzinunua.

Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1908, kwanza katika jarida la Strand, kisha katika kitabu kiitwacho My African Journey. Kitabu hicho kilikuwa na picha 61, zilizopigwa na yeye mwenyewe pamoja na Luteni Kanali Gordon Wilson, mume wa shangazi yake.

Kwa mtu anayejaribu kutambua picha za kale za wapanda baiskeli, safari hiyo ni kama kalenda. Tuseme umepata sandukuni negativu, yaani kile kipande cha kioo au filamu ambamo uso mweupe huonekana mweusi. Ndani yake yumo Mzungu mwenye kofia ya jua, ameshika usukani wa baiskeli, na mtu anadai kuwa ni Churchill akiwa Thika. Haifai kukubali upesi. Baiskeli aliyoisifu ni ya njia za Uganda, na kwa hiyo dai la Thika lina walakini tangu mwanzo.

Vitu vyenyewe navyo hutoa ushahidi. Tairi za upepo za baiskeli zilibuniwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, basi picha yenye tairi hizo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Ikiwa nyuma ya mpanda baiskeli pana daraja la reli la Thika, Churchill wa 1907 hayumo. Kuanzia 1914 kampuni ya Kodak iliuza kamera zilizomwezesha mpigaji kuandika tarehe ukingoni mwa filamu papo hapo. Na ukingo huo ukiwa na neno la Kiingereza Safety, filamu hiyo ni ya miaka ya baadaye. Filamu za zamani zaidi, za nitrati, hushika moto upesi mno. Asiziweke mtu karibu na jiko wala taa.

Gordon Wilson naye aliuawa vitani Ubelgiji Novemba 1914, kwa hiyo hakuna picha yake ya baada ya mwezi huo.

Tatizo kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni wale wanaosimama kando ya baiskeli. Tunajua jina la George Scrivings, mtumishi Mwingereza wa Churchill, aliyeugua na kufariki Khartoum mwishoni mwa safari hiyo. Lakini wapagazi waliobeba mahema na masanduku tangu Thika hadi mto Nile hawakuandikwa majina chini ya picha. Mwenye babu yake katika kundi hilo hana kalenda ya kumsaidia. Anabaki na sura, na labda simulizi za wazee.

Churchill mwenyewe aliendelea kuigusa nchi hii. Mapema mwaka 1908 alilalamika kwa maandishi juu ya mauaji ya Wakisii wengi mno katika operesheni ya kijeshi. Lakini alikuwa waziri kamili wa makoloni Machi 1922, wakati Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, alipokamatwa na umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi jijini Nairobi. Serikali ilihesabu maiti 21. Alikuwa tena waziri mkuu wakati hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na vijiji vya Kiambu na Murang'a vikaonja uchungu wake. Uwaziri mkuu wake wa kwanza, wa 1940 hadi 1945, ndio uliompa sifa ya vita dhidi ya Hitler.

Alistaafu mwaka 1955, akafariki London tarehe 24 Januari 1965 akiwa na umri wa miaka 90. Kenya ilikuwa imetimiza wiki sita tu tangu iwe jamhuri, na rais wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyefungwa wakati Churchill akitawala.