Dk. Robert Koch na macho ya watu wa Ssese

Machi 24 kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Hapa Kilema mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mama yake alikuwa akitumia dawa za ugonjwa huo, aliniuliza kwa nini ikachaguliwa tarehe hiyo. Nikamjibu harakaharaka kuwa siku hiyo, mwaka 1882, Dk. Robert Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amemgundua mdudu anayeusababisha. Jibu ni sahihi, lakini nafsi ilinisuta, kwani nilimsimulia nusu ya mtu.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Akiwa daktari wa wilaya alichunguza kimeta kwa darubini yake, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Hayo yanajulikana.

Yasiyosemwa sana ni ya huku kwetu. Mwaka 1906 serikali yake ilimtuma Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale. Akapiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa ukifagia vijiji. Dawa yake iliitwa atoxyl, nayo ilikuwa na sumu ya arseniki. Wagonjwa walimjia wenyewe kwa mamia, maana malale isiyotibiwa huua, hilo tusimnyime. Lakini nusu gramu ilipoonekana haimalizi vimelea, alipandisha dozi hadi gramu nzima. Watu wakapata maumivu na kizunguzungu, wengine wakatoroka. Zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja.

Ifahamike kuwa tangu mwaka 1900 waziri wa Prussia alikwisha agiza kwamba jaribio lisilokusudiwa kutibu lisifanyike bila mgonjwa kuelezwa na kuridhia. Kwa hiyo suala la ridhaa halikuwa geni kwa madaktari wa Berlin. Koch angeweza kujitetea kuwa yeye alikuwa akitibu. Lakini je, dozi ile angempandishia mgonjwa wa Berlin? Tena alishauri wagonjwa watengwe makambini, na mwaka 1907 kambi ya namna hiyo ikawekwa Kigarama, Bukoba.

Alifariki Mei 27, 1910. Taasisi ya Berlin aliyoiongoza tangu 1891 inaitwa kwa jina lake. Claus Schilling, aliyeingia humo wakati Koch angali hai, kuanzia 1942 aliwaambukiza malaria kwa makusudi wafungwa zaidi ya 1,000 wa Wanazi kambini Dachau, akanyongwa 1946. Sisemi Koch ni Schilling. Ila wote wawili walifanya majaribio yao kwa watu wasio na pa kushtaki.

Wiki iliyofuata nilimwita yule kijana nikammalizia habari. Akaniuliza kwa hofu kama mama yake naye alikuwa akijaribiwa. Nikamwambia hapana, dawa zile zimethibitishwa miaka mingi, amalize dozi. Na akitaka kujua anachomeza, amuulize mganga, ni haki yake.