Muyaka bin Haji na Funzo la Ngome ya Mombasa

Ndugu zetu wa jeshi na polisi huenda wakauliza: shairi lamfaa nini mshika bunduki? Jibu letu ni maisha ya Muyaka bin Haji wa Mombasa.

Yasemekana Muyaka alizaliwa kadiri ya mwaka 1776, zama ambazo Mombasa, yaani Mvita, ilitawaliwa na Wamazrui waliokaa katika Ngome ya Yesu. Hakuwa amiri wala jemadari. Silaha yake ilikuwa ulimi. Ushairi uliozoea mambo ya dini aliufikisha barazani na sokoni, akatungia vita, mapenzi na siasa. Mombasa na Lamu zilipopigana huko Shela, yapata mwaka 1812, washairi wa pande mbili walijibizana, na kwa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi. Shairi lilikuwa gazeti la zama zile: lilipasha habari, likawatia watu moyo, likamchokoza adui.

Kisha Sayyid Said wa Oman aliikabili Mombasa. Alikuja na merikebu zake mwaka 1828, akarudi mwaka 1829 na 1833, asiweze kuitamalaki kwa kudumu. Na Muyaka aliwahimiza Wamvita kwa tungo zake. Lakini liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, jamaa zake waliugombea utawala. Mwaka 1837 Sayyid Said aliipata Ngome, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wakuu wa Kimazrui walikamatwa, wakahamishwa ng'ambo. Muyaka aliishi hata akayaona hayo. Alifariki kadiri ya mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa na Mwalimu Sikujua Abdallah, na diwani yake ikachapwa mwaka 1940.

Kwa nini tunamkumbuka leo? Nchini Malawi, si mbali na Lilongwe, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Humo Kiswahili husikika vinywani mwa watu wa Kongo na Burundi waliokimbia ugomvi wa ndugu kwa ndugu. Karibu karne mbili zimepita, na msiba ni ule ule: nyumba ikigawanyika, wenyewe huhamishwa.

Askari hulinda ukuta, lakini ukuta hauwaokoi waliofarakana ndani yake. Yatupasa basi tuzisome tungo za Muyaka kambini na vituoni, tukijua kwamba umoja wa raia na askari ndio ngome ya kwanza.