Maria Montessori na Uhuru wa Mtoto Mchezoni

Jina Montessori limebandikwa kwenye shule nyingi za chekechea nchini Kenya, Mombasa ikiwamo, hata wengine hudhani ni aina ya shule tu. Ukweli ni kwamba lilikuwa jina la mtu.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Mwaka 1898 alijifungua mwana, Mario, nje ya ndoa. Kwa kuchelea fedheha, mtoto alipelekwa kulelewa shamba, na mama hakuishi naye hadi alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Aliyekosa kumlea mwanawe ndiye aliyejitolea kuwachunguza wana wa wenzake.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Aliona kwamba watoto waliviacha vinyago na kushughulika kwa muda mrefu na vifaa vya kupanga na kupima. Hivyo akashikilia kwamba mtoto achague shughuli mwenyewe, ila kifaa kiwe na matumizi maalumu. Mwaka 1914, Mmarekani William Heard Kilpatrick alimkosoa akidai kuwa vifaa hivyo vinaibana mno bunilizi ya mtoto.

Shule zake zilifungwa Italia katika enzi ya Mussolini. Mwaka 1939 alikwenda India. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimwekea mipaka ya kutembea na kumfunga Mario. Mwezi Agosti, alipotimiza miaka 70, walimrudishia mwanawe. Aliwafunza walimu zaidi ya elfu moja huko, kisha akafariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952.

Je, hoja yake ina mashiko pwani? Tuchukue Shimanzi, baina ya maghala na matangi ya mafuta. Mtoto anayepika mchanga katika kifuu, Montessori angempa sufuria ya kweli. Hapo, kwa maoni yetu, Kilpatrick alikuwa na haki, kwani kifuu kinapogeuka chungu, mtoto anajifunza kuwa kitu kimoja chaweza kusimamia kingine, na huo ndio msingi wa lugha yenyewe. Si ajabu kwamba chekechea za madrasa zilizoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1980 zilitumia vifaa vya mazingira ya mtoto.

Hata hivyo, Montessori hakukosea kuhusu mpangilio. Kombolela ina kanuni kali, na hakuna mwalimu anayeisimamia. Jina lake latokana na kukomboa: waliokamatwa hukombolewa na mwenzao, kwa kanuni walizokubaliana wenyewe. Mwalimu wa chekechea hana budi kuandaa uwanja na vifaa, kisha ajizuie kuingilia. Wajibu huo wa pili ndio mgumu, na ndio aliousisitiza Montessori maisha yake yote.